Sahihi ya Baba, Jino la Kasuku

Jumatatu, 3 Juni
Hukumu imetoka. Niliomba malezi yote, peke yangu. Hakimu akaniuliza binti yangu yuko darasa la ngapi. Nikajibu la tatu. Kumbe yuko la nne! Basi malezi yakagawanywa. Kuishi, ataishi kwa mama yake. Kwangu atakuja Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Mambo makubwa, yaani shule na matibabu, tutaamua wote wawili, sahihi mbili. Baba wa Jumamosi, kama nguo ya kutokea!

Jumatano, 5 Juni
Mtalaka wangu kapiga simu. Kasuku (ndivyo tunavyomwita binti, maana hanyamazi) ana jino bovu. Linang'olewa kwa dawa ya usingizi, na hospitali inataka sahihi yangu pia. Moyo ukaniruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikamwambia baba hakurupuki, baba hutafakari. Ila ningepewa na Jumapili, tafakuri ingekuwa fupi. Akaniita jina nisiloweza kuliandika, akakata.

Ijumaa, 7 Juni
Mtalaka wangu bado hajapiga. Atalegea tu. Nimenunua godoro la Kasuku, la kulalia Jumamosi kuamkia Jumapili. Muuza magodoro aliuliza kimo cha mtoto. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa kiunoni.

Jumamosi, 8 Juni
Siku mbaya. Kasuku kaja shavu limefura. Hakula. Hakusema. Nimemlaza kwenye godoro, miguu ikabaki sakafuni. Amekua lini huyu? Mchana akafungua mdomo mara moja tu, akauliza kama ni kweli baba ndiye aliyekataa. Nikasema sheria ni ngumu, mwanangu. Akageukia ukutani. Afadhali angenitukana. Nikambeba mbiombio hadi hospitali, nikatia sahihi, nikamwita mama yake. Alipoingia tu, Kasuku aliuachia mkono wangu akaushika wake. Mimi nikabaki nimeshika mkoba wa shule.

Alhamisi, 20 Juni
Mtalaka wangu amerudi kwa hakimu na habari za jino. Matibabu sasa ataamua mama peke yake. Nimebakiwa na Jumamosi na sahihi ya shule. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja kabla sijaozesha mtu. Naapa, hila basi! Mtoto si kamba ya kuvutana.

Jumamosi, 22 Juni
Kasuku amerudi, pengo mdomoni, maneno hayana kituo. Nilikaribia kulia kwa raha. Anasema kuna shule yenye maktaba na bwawa la kuogelea, amefaulu mtihani wao, anaitaka kuliko kitu chochote duniani. Jioni mama yake alipomfuata akaniomba nitie sahihi, nafasi zinafungwa Ijumaa.

Nimemwambia baba hakurupuki.

Kesho narudi kwa muuza magodoro. Safari hii nachukua refu.