Kuirekebisha Katireli

Jumatatu, 7 Aprili 2025. Nyamugari, Gitega.

Jumamosi naenda Muyinga kumposa Zuena. Hatimaye! Baba yake, mzee Amissi, amesema atakayetangulia kufika na wazee wake ndiye atakayesikilizwa kwanza. Balaa ni Mahmudu, muuza vitenge wa hukohuko. Naye anamtaka. Na Mahmudu yuko na gari mpya, madirisha yanashuka yenyewe!

Mi niko na nini? Renault 4 ya marehemu baba. Mtaa mzima unaiita Katireli. Madirisha unayasukuma kwa mkono kama mlango wa kabati. Gia inatoka kwenye dashbodi, unaivuta kama droo. Aibu tupu.

Dada yangu Shakila anasema gari inakunywa esansi kidogo na haijawahi kutulaza njiani, nataka nini tena? Nimemwambia hajui mambo ya posa. Akanikumbusha kwamba yeye ameshaposwa mara mbili.

Jumanne, 8 Aprili.

Dawa nimepata! Nimeokota fimbo ya gia kwenye mabaki ya teksi, Gervasi mchomeleaji akaichomelea sakafuni, katikati ya viti. Haishiki kitu chochote, ila inang'aa. Gervasi kauliza ni ya kazi gani. Ya heshima, nikamjibu.

Jioni, kwenye mteremko wa sokoni, mkono ukashika ile ya heshima. Nikavuta, gari ikazidi kukimbia. Nyanya za Melania, muuzaji wa pale sokoni, zote chini. Nimeitwa majina ambayo hayaandikiki.

Alhamisi, 10 Aprili.

Astaghafirullah! Nilikuwa naosha magurudumu, nikaona la nyuma kulia limerudi nyuma kuliko la kushoto. Nimepima kwa kamba. Vidole vitatu kabisa! Kumbe miaka yote baba alikuwa anaendesha gari kiwete, na hakuna aliyemwambia.

Gervasi anasema labda imezaliwa hivyo. Imezaliwa! Wazungu wajenge gari nzima wasahau kupima? Nikamwamuru atie moto chuma kinacholishika, avute. Akatia, akavuta. Gurudumu halikusogea hata kidogo. Ila sasa gari imeinama upande wa kulia.

Shakila kaja kuangalia, akainamisha kichwa upande wa kulia, akarudi ndani. 

Jumamosi, 12 Aprili. Muyinga na kurudi.

Tumefika! Ami Saidi, msemaji wetu, ni mtu wa kilo zake, bon, tumemweka kushoto pamoja na makasha ya Fanta ili gari isimame sawa. Kila kona alikuwa anasoma dua. Na Mahmudu? Yuko kwenye foleni ya esansi tangu alfajiri, hataki kuja bila gari yake mpya! Nilitaka kuruka.

Viti vya wageni havikutosha. Nikakumbuka kiti cha nyuma cha Katireli: unakilegeza tu, kinatoka kizima. Nikakitoa, wazee wakakalia. Mzee Amissi alicheka mpaka machozi. Kumbe ujana wake aliendesha gari kama hii, barabara za Butihinda, mashimo matupu, na mayai nyuma hayavunjiki. Akawaambia watu gari hii ina akili kuliko wengi wetu. Mambo yalikuwa yananinyookea, wallahi.

Halafu akatoka kuiangalia.

Akaizunguka. Akainama chini. Mi mjinga nikajisifu kwamba lile gurudumu nililinyoosha mwenyewe.  Mzee akaeleza polepole kwamba chini kuna vyuma viwili virefu, kila kimoja kinabeba gurudumu lake la nyuma na kujisokota likigonga shimo. Vinalala kimoja mbele ya kingine, donc magurudumu hayawezi kulingana. Siri ya ulaini wake ndiyo hiyo. Na kimoja mi nimekichoma moto.

Akaona na fimbo ya heshima. Akaivuta. Ikabaki mkononi mwake.

Ami Saidi akaanza hotuba yake, mzee akamwomba asubiri. Akanigeukia.

"Kijana, kitu kizima umeshindwa kukiacha kikae kilivyo. Binti yangu utamwacha akae alivyo?"

Zuena alikuwa mlangoni. Aliniangalia kama anaangalia wali ulioungua.

Hukumu: niirudishe ilivyokuwa, nirudi Jumamosi ya tarehe 26. Nikishindwa, Mahmudu ataitwa. Nimelia njiani kurudi. Ami Saidi kasema ni vumbi, Mungu amlipe.

Ijumaa, 25 Aprili. Gitega.

Alhamdulillahi! Chuma kingine kimepatikana, Katireli imesimama sawa. Gia ya uongo nimeitupa. Magurudumu yamepishana vidole vitatu, na mi nayapenda hivyohivyo. Nimeelewa sasa. Kitu cha akili hakiguswi.

Zuena kapiga simu. Kasema baba yake amefurahi, niende hivyohivyo, nisiguse kitu. Nimemwapia.

Ila honi. Ile ya Katireli inalia kama mbuzi mgonjwa, nami kesho naingia Muyinga mbele za watu. Nimepata ya lori, nzuri sana. Honi siyo gari, honi ni sauti tu. Gervasi anasema nyaya ni nyembamba, zitaungua.

Nimemwambia aifunge hivyohivyo.