Kusuka kwa Mwendo wa London

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Papy amebandika karatasi dirishani kwake. RASTA KWA SAA TATU NA NUSU. Herufi nyekundu, kubwa kama za hospitali. Saluni yake inatazamana na yangu, Umbilo Road katikati, kwa hiyo kila mteja wangu akiinua kichwa anaisoma. Ufedhuli!

Nimepima ya kwetu. Kichwa kimoja, rasta ndogondogo: saa tano na dakika kumi. Sababu naijua. Rumba! Wimbo mmoja dakika tisa, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikikaribia, Henriette, msusi wangu mkuu, anasimamisha mikono ili aimbe vizuri. Leo nimehesabu. Dakika mbili na sekunde arobaini mikono imesimama. Katika wimbo mmoja! Mimi niliyeanza na kiti kimoja cha plastiki chini ya mwavuli, nikafika viti sita na kioo cha ukuta mzima, niuawe na sebene?

Baya zaidi: Mama Marie-Louise, mkuu wa kwaya yetu ya Wakongomani, anamwoza binti yake Jumamosi. Vichwa vinane, vyote visukwe Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi, viishe saa kumi na mbili jioni. Atakayeweza ndiye atakayepewa, mimi au Papy. Wasusi ninao watatu: Henriette, Yvette na Sikujua. Saa kumi mara tatu, gawanya kwa nane: saa tatu na dakika arobaini na tano kwa kichwa. Kwa mwendo wetu wa sasa bibi arusi ataingia kanisani na nusu kichwa.

Lazima nifanye jambo. Kwa siri. Mwezi uliopita nilipopuliza filimbi kila robo saa ili kuwahimiza, Henriette aliweka kitana chini akanionya: Patron, akili yako ingine moja tu, mimi navuka barabara. Papy ameshamwekea kiti. Henriette akiondoka nabaki na vioo.

Jumanne, 4 Septemba

Clairwood, kwenye maghala, kuchukua katoni ya nywele. Dereva wa lori, Ladislaus, Mtanzania, mtu mkarimu, alinikaribisha ndani ya kabini nikwepe jua. Nikaruka. Nilidhani lori linarudi nyuma! Milio ya king'ora, mabati yanagongwa, na kijana anafoka kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi. Ladislaus akacheka mpaka akashika usukani. Kaka Barthélemy, akasema, gari imezimwa, huo ni muziki.

Kumbe wanauita grime. Ni wa vijana wa London, wa yale magorofa ya serikali, na hii ndiyo albamu ya kwanza ya kijana huyo. Ladislaus anasema imewafundisha kazi wote waliomfuata. Jina lake halijui. CD ni ya kunakili, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na jasho limefuta nusu. Yeye huipiga akipeleka makontena Johannesburg. Hasinzii hata kidogo. Amepigwa faini mbili za mwendo kasi.

Mwendo kasi!

Nikatoa saa. Midundo mia moja na arobaini kwa dakika. Rumba yetu, kabla ya sebene, tisini. Nikafanya hesabu juu ya goti: dakika mia tatu na kumi, mara tisini, gawanya kwa mia na arobaini. Saa tatu na dakika kumi na tisa! Papy amekwisha. Nimeiazima CD.

Jumatano, 5 Septemba

Majaribio. Nimemwambia Henriette ni zawadi tu kutoka kwa rafiki. Nimefungua daftari jipya: MAONI YA WASIKILIZAJI.

Sikujua: aliuliza kama CD imekwaruzika. Wimbo wa pili akauliza tena. Wimbo wa tano akaacha kuuliza. Mikono: haraka.

Yvette: mabega yanacheza. Kitana kimeanguka mara tatu. Mikono: haraka sana.

Blandina, mteja, Mtanzania, anasomea uuguzi: alitaka kujua huyu kijana anagombana na nani. Nikamwambia na maisha. Akasema basi ampunguzie, maisha yako mbali, wanaotukanwa ni sisi tulio hapa kitini.

Mke wa mchungaji, alipita kununua mafuta ya nywele: alisikiliza dakika nzima, akaweka mkoba chini, akaweka mkono juu ya spika, akaiombea. Spika! Amina ikasemwa na wateja wote. Muda uliopotea: dakika nne.

Papy mwenyewe alivuka barabara. Mkubwa, akaniambia, nimesikia kelele, ni friji yako imekufa? Pole sana. Na uso wa msiba kabisa. Nyoka.

Henriette: Aliinamisha kichwa tu, kama anayesikiliza simu ya mbali.

Matokeo: saa tatu na dakika hamsini na mbili! Tumeokoa dakika sabini na nane. Mistari ya Blandina imepinda kidogo, kama barabara ya kupanda kilima cha Berea, lakini nyuma. Nyuma hajioni.

Zimebaki dakika saba kufikia muda wa Mama Marie-Louise. Sauti itaongezwa.

Alhamisi, 6 Septemba

Sauti imeongezwa. Saa tatu na dakika arobaini na moja! Sikujua anaumwa kichwa, nimempa maji.

Mama Marie-Louise alikuja na vidole masikioni. Nikamwonyesha saa. Akatazama saa, akatazama mikono ya wasusi, akapaza sauti: sawa, Ijumaa ni yako, mais, lakini ukiniharibia mtoto, nitakuimba na kwaya nzima! Vichwa vinane ni vyangu! Papy alikuwa mlangoni kwake akijifanya anafagia. Mtu ambaye hajawahi kushika ufagio.

Jioni Henriette aliomba CD aende nayo nyumbani. Nilidhani anataka kuitupa bandarini. Hapana, akasema, anataka kusikia maneno, bintiye atamfasiria. Maneno! Nikamweleza kwamba maneno hayana kazi, kinachosuka ni mdundo. Nilimpa kwa sharti iwe hapa saa mbili kamili.

Kila mara mtu ananitajia kwamba haraka haraka haina baraka. Nimeipiga marufuku methali hiyo katika saluni hii. Aliyeitunga hakuwa na Papy mbele ya mlango.

Ijumaa, 7 Septemba

Naandika kwa taabu. Lakini kwa mpangilio.

Saa mbili kasoro tano Henriette alirudisha CD, akanivuta pembeni. Alisikiliza yote na bintiye, mara mbili. Patron, akasema, huyu mtoto haiko na hasira. Iko na woga. Wenzake wanapotea mmoja mmoja, na yeye mwenyewe bado mdogo. Anasema mbiombio kama mtu anayeeleza shida yake mlangoni, kabla hawajamfungia. Akanikumbusha 2008, wageni tulipofukuzwa majumbani, ile tumelala wote kwenye ukumbi wa kanisa, mdogo wake alivyokuwa anasimulia na hakuna aliyemwambia apumzike. Akaomba leo tuipige kwa sauti ya chini, tuifuate vizuri, mikono itaenda tu.

Nikaandika daftarini. Henriette, maoni: woga. Faida kwa kasi: sifuri.

Sikuweza kumwambia kwamba mashine ilikuwa njiani. Nilishaikodi kwa DJ mmoja wa arusi. Ina kitufe cha kusogeza, unaongeza mwendo wa wimbo unavyotaka. Ilifika saa tano. Wasusi walikuwa wanamaliza vichwa vitatu vya kwanza, na walikuwa ndani ya muda, sikatai. Lakini bibi arusi alikuwa bado, na mimi nataka akiba. Nikasogeza kitufe. Mia na hamsini. Mia na sitini!

Sauti ya kijana ikawa ya kifaranga. Saluni nzima ilicheka. Yvette alishika ukuta. Mimi pia nilicheka, ilichekesha.

Henriette hakucheka. Alimaliza msuko wa mwisho wa kichwa alichonacho, akachoma ncha kwa kibiriti, akafuta kitana, akakunja aproni katika sehemu nne. Hakunitukana. Aliniambia tu: mtu anaeleza woga wake, wewe unamgeuza kuku. Akatoka. Akasimama kwenye robot, taa ya barabarani, mpaka ikawa kijani, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Akavuka.

Wasusi wawili, vichwa vitano, na saa sita imeshafika. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikasogeza kitufe mpaka mwisho. Saa kumi na moja na dakika ishirini tukamaliza! Saa mbili na dakika nane kwa kichwa! Rekodi ya mtaa mzima!

Mama Marie-Louise alimgeuza bibi arusi mbele ya kioo. Mara moja. Mara mbili. Upande wa kulia mistari kumi na nne, wa kushoto ishirini na tatu, na katikati njia iliyopotea. Akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulionitisha: Barthélemy, hii iko kichwa, ao iko ramani ya Kongo?

Nilimwonyesha saa. Hakutaka saa.

Wote watano waliosukwa kwa mashine walivuka barabara wamejifunga vitambaa. Nilifungua mlango ili nisikie wanavyonisema. Hawakunisema. Kwa Papy ilikuwa inapigwa CD ileile, Henriette alikuwa amejinakilia. Kwa sauti ya chini, mwendo wake wa kawaida. Henriette anafumua na kusuka, bintiye amekaa juu ya ndoo anafasiri, na wanawake wanasikiliza. Hata Papy alikuwa amekaa. Amevua kofia!

Jumamosi, 8 Septemba

Arusi. Sikualikwa rasmi, lakini kadi iliandikwa familia zote za kikongomani, na mimi ni familia ya mtu mmoja. Vichwa vinang'aa. Mama Marie-Louise alichukua kipaza sauti akamshukuru Mama Henriette, mikono ya dhahabu. Papy aliinuka akainama. Yeye! Ameshika nini yeye?

Nilimfuata Henriette kwenye meza ya vinywaji. Nikamwahidi kiti cha dirishani. Nikamwahidi kutotumia filimbi, saa, wala mashine. Karibu nimpigie magoti, lakini suruali ilikuwa ya kuazima. Akaniuliza jambo moja tu: Patron, wewe uliisikiliza ile CD? Hata mara moja?

Nikamjibu bila kusita. Nyimbo kumi na tatu, dakika arobaini na tisa na sekunde kumi na moja.

Akanipigapiga begani, kama unavyomfanyia mfiwa, akaenda kucheza.

Jumatatu, 10 Septemba

Leo nimefanya alichotaka. Nilifunga mlango, nikavua saa, nikaketi kwenye kiti cha Henriette, nikaisikiliza tangu mwanzo. Wimbo wa nne kitu kilinishika hapa kifuani. Kweli kabisa. Nikashika mkono kupima. Mapigo mia moja na nne!

Nikaelewa. Muziki huu unaingia ndani ya mtu bila hodi. Basi kosa halikuwa muziki. Kosa lilikuwa upande wa kitufe! Kwa nini nihangaike kuharakisha mwendo wangu, wakati naweza kupunguza wao? Nitageuza spika itazame barabara, niushushe muziki hadi midundo sitini. Saa tatu na nusu za Papy, mara mia na arobaini, gawanya kwa sitini: saa nane na dakika kumi kwa kichwa! Ladislaus analeta spika kubwa kesho. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu.

Yvette hajafika tangu Ijumaa. Yupo Sikujua tu. Yaani alikuwepo. Ameomba kuvuka barabara kumsalimia Henriette, nimempa dakika kumi. Hii ni dakika ya hamsini na mbili, na ameenda na vitana vyake vyote. Huo ni mwendo mbaya sana wa kusalimiana. Itabidi nao niutafutie muziki.