Karanga za Jicho la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama amepalilia tena. Kang'oa mahindi, kaacha magugu. Daktari wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Asipopasuliwa mapema atapofuka. Fedha hatuna. Ila mimi nina mpango! Kuku wetu ndiyo kwanza kaanza kuatamia. Nitauza vifaranga, Mama ataona. Simwambii. Nataka kumshtukiza.

Jumatano, 5 Machi
Mama kanifungia mayai ya kuchemsha ya kula shuleni. Mengi mno. Anasema kayakuta yana joto, akajua ni ya leo. Kashangaa tu ukali wa kuku. Nilimshukuru. Nimeyala yote, kwa huzuni.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango wa pili: karanga za kukaanga. Ninayekaa naye dawati moja, Domo, kala kwa mkopo, kisha kaita darasa zima lije kukopa. Nilipodai, akauliza nina shida gani hasa. Nikamnong'oneza: Mama apasuliwe macho. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kaapa vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi
Domo kamwambia mama yake! Naye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaolima pamoja na Mama. Asubuhi uwanja umejaa majembe. Nikajificha jikoni, aibu tupu.

Mwenyekiti akamwambia Mama, "Mwenzetu, tunalima na wewe kila msimu, halafu habari zako tuzipate kwenye karanga?"

Mama akajibu kwamba hakutaka kuwasumbua. Wakamcheka, wakamkalisha. Maharage yote ya kikundi yatauzwa. Jicho moja kwanza. Kisha wakaingia shambani kurudishia mahindi yaliyong'olewa. Niliwapelekea maji. Nilitaka kusema asante, nikalia. Mwenyekiti akanishika kichwa, akanywa maji.

Alhamisi, 20 Machi
Bandeji ilitolewa jana. Mama kanitazama, kanitazama, kisha kasema nimerefuka. Namshukuru Mungu, daktari, kina mama, hata Domo. Deni lake nimelisamehe. Nusu.

Ila haki isemwe: mpango wangu wa karanga ulikuwa mzuri toka mwanzo. Sasa jicho la pili. Bata! Bata wanajilea wenyewe. Nimeshamchora mmoja hapa, mkubwa, pamoja na banda. Siri kabisa.

Mama kauliza naandika nini. Nimesema hesabu.

"Hesabu gani hiyo," kauliza kutoka kule mlangoni, "yenye bata?"