Baraza la Maoni ya Kirafiki

Kwa pembe, na kwa sauti ya mpiga mbiu aliyekuwa na mafua, watu wote wa Bagamoyo na wa pwani yote kutoka Mapinga hadi Saadani walitangaziwa habari njema. Bwana Liwali, ambaye hapati usingizi kwa kuwafikiria raia, amegundua kwamba wapiga picha wa mji wanaambiana maneno yasiyo mazuri juu ya picha zao. Kwa hiyo, kuanzia Ijumaa, maoni yote juu ya picha yatakuwa ya kirafiki, na urafiki huo utasimamiwa na Baraza. Picha itakayopata maoni yasiyo ya kirafiki itahesabiwa imeleta fitina. Kioo chake, kile kinachonasa sura na kuchapia karatasi, kitachukuliwa, kioshwe, kitiwe katika Hazina ya Vioo kwa matumizi ya Bwana Liwali, ambaye siku hizi naye ni mpiga picha.

Watu wakashukuru. Kisima cha forodhani kilikuwa kimetiwa kufuli tangu mwaka wa kipindupindu, ili maji ya kuoga ya Bwana Liwali yasichafuliwe na watu wenye kiu. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa, la picha, sasa lilikuwa limepatiwa dawa.

Hao wapiga picha waliotishia amani ya pwani walikuwa watatu, na wote walienea kwenye mkeka mmoja nyumbani kwa Mwinyimvua, fundi seremala. Mzungu mmoja aliyekuwa akienda bara alimwachia sanduku la picha alitengeneze miguu, na kutoka huko bara hakurudi. Alawi, mshona kanzu, ndiye aliyekuwa akiagiza vioo na dawa kutoka Unguja. Bibi Ashatu, muuza vitumbua, alitoa ute wa mayai, maana karatasi ya picha haishiki kitu mpaka ipakwe ute. Viini alikula mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikaa, wakapokezana picha, wakasemana.

“Alawi, bwana harusi huyu umemkata kichwa.”

“Kichwa sikukishona mimi, fundi. Tazama kanzu. Kanzu imetoka yote.”

“Na bibi harusi yuko wapi?”

“Bibi harusi hakuvaa kanzu.”

Wakacheka, wakaelekezana, na bwana harusi aliyefuata akapata kichwa. Fitina ilikuwa imefika hapo.

Ijumaa ya kwanza wakaitwa wote nyumbani kwa Bwana Liwali, ili vioo vyao vyote vikaguliwe. Kwenye kiti alikaa karani Muhidini, aliyeteuliwa kuwa Msifu Mkuu wa Picha za Pwani. Muhidini alikuwa hajapiga picha hata moja maishani mwake, na ndiyo sababu alichaguliwa, asije akawa na upendeleo.

Mwinyimvua alikuja na vioo vyake vimefungwa kwenye kikoi. Kimoja alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na sura ya marehemu mkewe, Mwanabaraka. Karatasi aliyoichapa zamani ilikwishapauka, ikabaki nyeupe kama sahani, na sura nyingine ya mwanamke yule haikuwapo duniani. Alikufa mwaka ule wa kipindupindu, akiomba maji, jirani kabisa na kisima chenye kufuli. Wakubwa walisema ni kazi ya Mungu. Wakamwachia Mungu lawama, wao wakabaki na ufunguo.

Kioo kikainuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Siku ile ya kupigwa picha Mwanabaraka alishindwa kutulia, alicheka, kwa hiyo uso ulikuwa umetapakaa kidogo. Bibi Ashatu akainama, akakunja jicho.

“Fundi, miaka yote hii nakuuliza hunijibu. Huyu mkeo au moshi wa jiko langu?”

Mwinyimvua akacheka. Neno lile Ashatu alilisema hata Mwanabaraka alipokuwa hai, na Mwanabaraka ndiye aliyekuwa akilicheka kuliko wote.

Muhidini akachovya kalamu. “Maoni yasiyo ya kirafiki. Kioo kichukuliwe.”

“Kichukuliwe kwa lipi?” Ashatu akauliza. “Mimi mtani wake. Mimi Mzigua, yeye Mzaramo. Hata siku ya msiba nilizuia jeneza mlangoni mpaka nikapewa kuku.”

“Utani umesitishwa,” alisema Muhidini, “mpaka watani wote waandikishwe.”

“Wakaandikishwe wapi?”

“Mahali bado panatafutwa.”

Mwinyimvua alikuwa hacheki tena. “Bwana Muhidini, kikioshwa hicho, mke wangu hayupo tena.”

“Fundi,” Muhidini alimjibu kwa upole wa kiserikali, “kwa tunavyojua sisi, hayupo sasa hivi.”

Hata hivyo Baraza lilikuwa na moyo. Likaamua kioo kisioshwe mara moja. Bwana Liwali alikuwa anakaribia kupigwa picha rasmi. Mwinyimvua akiitolea picha hiyo maoni ya kirafiki ya kutosha, jambo lake litatazamwa. Basi yule fundi, ambaye mkono wake ulikuwa umezoea randa na patasi, akaenda nyumbani kujifunza kusifu.

Siku ya picha rasmi ilitanguliwa na mbiu nyingine. Bwana Liwali akishakaa kitini, asitikisike mtu mji mzima, mpaka Muhidini arudishe kifuniko cha sanduku. Atakayetikisika ataonekana ana dharau.

Bwana Liwali akakaa mbele ya nyumba yake, jambia kiunoni, ndevu zimetiwa mafuta. Muhidini akafunua sanduku. Bagamoyo ikaganda. Mwanamke aliyekuwa akichota unga kwa pishi alibaki na mkono hewani. Kinyozi aliacha wembe juu ya utosi wa Alawi, na Alawi akawa anasali kimoyomoyo. Na nyuma ya Bwana Liwali, kwenye mlango mdogo wa ghala lake, wachukuzi waliokuwa wakihamisha pembe za ndovu za Seyyid, mtawala wa Unguja, kutoka forodhani kwenda chumbani kwa Bwana Liwali nao wakasimama palepale. Walikuwa watumishi watiifu. Kila mmoja na pembe yake begani, chapa ya forodha imeelekea jua, wakalitazama sanduku kwa adabu.

Picha ilitoka safi ajabu. Ute ulitolewa na Bibi Ashatu, kwa amri. Baraza likakutana. Bwana Liwali akautazama uso wake, kisha jambia lake, kisha uso wake tena. Wajumbe wakamtazama Bwana Liwali anavyotazama. Muhidini akasimama akatamka kwamba picha haina doa wala kasoro, na kwamba kila kilichomo ndani yake ni kweli na kinastahili kuwemo. Akapiga muhuri nyuma ya karatasi.

Kisha picha ikapitishwa kwa raia. Ashatu aliipokea, akakohoa, akampa Alawi. Alawi akampa Mwinyimvua na kumkanyaga mguu. Mwinyimvua akaona. Akaziona pembe, akaziona chapa, akamkumbuka mkewe ndani ya hazina ya watu hawa.

“Haya, fundi,” Bwana Liwali akasema. “Maoni.”

“Nzuri, Bwana. Kila kitu kimetoka.”

“Kila kitu?”

“Hata vya nyuma.”

Bwana Liwali akatabasamu. “Kuna la kuongeza?”

“Ni hili tu, Bwana. Picha kama hii kuifungia hapa Bagamoyo tu ni choyo. Unguja nako watu wana macho.”

Wajumbe wakaona hayo ndiyo maoni. Picha ikafungwa kwa kitambaa cha hariri, ikapelekwa Unguja kwa chombo cha kwanza, iwe zawadi kwa wakubwa.

“Na kioo changu, Bwana?” Mwinyimvua akauliza.

“Kinashughulikiwa,” alisema Muhidini.

Kilikuwa bado kinashughulikiwa Akida wa Seyyid alipofika kutoka Unguja na askari wake, picha mkononi. Alikuwa mtu mfupi, hana haraka. Akataka Baraza zima liitwe, na raia waliotoa maoni. Akaiweka picha mezani.

“Wanaonekana watu na pembe,” alisema.

“Hayo ni madoa ya dawa,” Bwana Liwali akajibu. “Picha yenyewe mbaya. Haikutulia. Ulizeni Baraza.”

Akida akamgeukia Msifu Mkuu. Muhidini akaigeuza picha upande wa nyuma, akauona muhuri wake. “Haina doa, Bwana,” alisema. “Tulithibitisha.”

“Nyie wengine?”

“Mimi nimkosoe Bwana Liwali?” Ashatu akashika shavu. “Mimi ni rafiki yake. Imeamriwa.”

Bwana Liwali akamgeukia Mwinyimvua, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto ale. “Fundi huyu anajua picha. Ni mtu wa haki. Mleteeni kioo chake, Muhidini, alikuwa akikisubiri. Haya, fundi, mwambie Akida ubaya wa picha hii.”

Kioo kikaletwa. Mwinyimvua akakiinua kwenye mwanga, akahakikisha Mwanabaraka yumo, bado anacheka. Akakifunga kwenye kikoi, mafundo mawili. Ndipo akaisogelea picha ya mezani, akaitazama kwa muda.

“Nimetafuta ubaya, Bwana Akida, sijauona,” alisema. “Niwapongeze wale wachukuzi. Kutulia vile na mzigo begani si kazi rahisi.”

“Naifuta sheria ile,” Bwana Liwali akasema. “Sasa hivi. Kila mtu akosoe.”

“Ifutwe na nani?” Akida akamuuliza. “Mji huu hauna liwali tangu asubuhi.”

Mwinyimvua alikuwa amekwishafika nje. Ndani, askari walimsimamisha yule aliyekuwa liwali, na kiti chake kikabaki kitupu kwa muda mfupi sana. Muhidini alikipangusa kwa ncha ya kanzu, akamsogezea Akida, akamuuliza kwa unyenyekevu kama angependa naye apigwe picha.

Akida akaitazama ile iliyokuwa mezani. Akasema anashukuru, lakini yeye na picha hapana.