Posa ya Jitu Gromlak

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika msituni kwa mchezo wetu wa kuigiza wa kila kiangazi. Mvua. Hema langu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Kwa wiki nzima mimi si Egon, fundi baiskeli wa Horsens. Mimi ni Gromlak, mkuu wa Majitu ya Mlimani. Uso wa kijani, meno ya plastiki, wigi la singa za farasi. Ng'ambo ya kijito wamepiga kambi mahasimu wetu, Watu wa Maji: mavazi meupe, sauti za chini, kila mmoja anatembea kama amebeba bakuli la supu. Malkia wao ni Ilvane. Ilvane ni Signe. Signe ni muuguzi wa mifugo kutoka Viborg, na mimi hukutana naye hapa kila kiangazi na sijawahi kumwambia neno lisilohusu mvua.

Jumapili natimiza thelathini, na sina mke. Kwetu hilo lina adhabu yake: unamwagiwa pilipili manga hadharani. Pilipili naiweza. Nisichokiweza ni kurudi nyumbani tena bila kujua kama Signe ananitaka au hanitaki.

Kwa hiyo, mpango! Nimemwambia Bodil, mama mkuu wa majitu (mwalimu wa hesabu mstaafu, mkono mzito), kwamba vita vimetosha, tulete amani kwa ndoa. Gromlak amwoe Ilvane. Bodil amekubali. Hajui ujanja wenyewe: Signe akikataa, atakayekataliwa ni Gromlak. Mimi simo! Sijui kwa nini watu wengine hawachumbii hivi.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kuposa. Nimefuata mila za majitu bila kuruka hata moja: nikanguruma jina lake, nikawatukana wakwe, nikapasua chungu mlangoni pao. Nilikuwa hodari. Nimefanya mazoezi tangu Februari, majirani zangu ni mashahidi.

Watu wa Maji wote wakanipa mgongo. Kisha wakaanza kuimba, taratibu, kwa huzuni. Nikadhani ndivyo vigelegele vya kwao. Bodil akaninong'oneza kwamba wananizika. Kwao anayepaza sauti huhesabiwa kuwa amekufa.

Mimi ni marehemu!

Villads akaniwekea shada la maua miguuni. Huyu Villads huuza bima Aarhus, lakini hapa ni mwanamfalme wa Watu wa Maji. Wengine tumevaa plastiki, yeye kavaa chuma cha kweli. Akasema, kwa ile sauti yake laini, eti marehemu alikuwa jitu la watu. Signe akajiziba mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka. Nimejiridhisha kwamba alikuwa analia.

Jumatano, 10 Julai

Mvua. Bodil amevuka kijito kwenda kuniombea uhai. Amewaahidi kwamba nitanong'ona na sitavunja chombo. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimeshafufuka. Nikala mkate mweusi na samaki wa siki kwa minong'ono.

Alasiri Signe akaja kambini kwetu, mkono juu ya kichwa. Hapa mkono kichwani una maana moja tu: nimetoka mchezoni, sasa nasema mimi mwenyewe. Ndivyo watu huulizia choo na dawa ya maumivu. Basi hakuwa Ilvane. Alikuwa Signe, mbele yangu, maji yanamchuruzika puani. Akaniuliza kama nina vigingi vya hema vya ziada.

Nami nikaweka mkono kichwani. Nafasi ya dhahabu! Nikamwambia inaelekea mvua itanyesha.

Akatazama juu. Akasema kwa upole kwamba inanyesha tangu juzi. Nikaona aibu, nikampa vigingi vyangu vyote. Sasa hema langu limelala chini, na mimi nimo ndani nikiandika haya kifudifudi.

Alhamisi, 11 Julai

Mpango mpya: zawadi. Majira yote ya baridi nilikuwa nachonga kijiko cha mti wa mcheri. Kimevimba upande mmoja, lakini ni kijiko. Nikakipeleka kwa minong'ono. Ilvane akakipokea, akakigeuzageuza, akanirudishia. Nikampa tena. Akanirudishia tena, huku ananikazia macho kama anayengoja kitu.

Kitu gani tena? Akufukuzaye hakwambii toka! Nikarudi kambini nimevunjika moyo. Kwa mila za majitu, zawadi iliyokataliwa huchomwa. Nikakichoma.

Bodil akauliza kijiko kiko wapi. Nikamwonyesha majivu. Akanipiga kofi la mgongo hadi meno yangu ya plastiki yakaangukia kwenye chungu cha viazi. Akasema, we mwanangu, macho umepewa ya nini? Kwa Watu wa Maji zawadi hurudishwa mara mbili kwa adabu, ya tatu ndiyo hupokelewa! Tulitumiwa kanuni mpya zote tangu Januari, na hilo limo.

Kweli tulitumiwa. Mimi nilisoma sura ya majitu tu. Za wengine niliona ni kuingilia mambo ya watu.

Ijumaa, 12 Julai

Kesho ni baraza la mwisho, makabila yote mawili. Villads ametangaza kwamba naye atamposa Ilvane, baada yangu, kwa shairi. Shairi!

Sikulala hivihivi. Nikanyata hadi kwenye hema la Villads, nikalegeza kamba zote. Kumbe Villads, kwa ule uungwana wake wa kuudhi, alikuwa amemwachia Bodil hema hilo ajipumzishe, maana la Bodil limejaa maji. Bodil akatoka chini ya turubai akinguruma mngurumo ambao sijawahi kuusikia kwa jitu lolote. Watu wa Maji wakamwimbia wimbo wa mazishi kutoka mahema ya jirani.

Nimemwambia ulikuwa upepo. Amenitazama kama hesabu niliyoikosea makusudi.

Kijiko kingine sina muda wa kuchonga. Nimefungua kengele ya baiskeli yangu, ya shaba, naisugua mwenyewe kila Jumamosi. Nimeifunga kwa kitambaa vizuri. Ndipo nikakumbuka kwamba hawa watu hawapendi kelele.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Jua! Kwa mara ya kwanza wiki hii, na kali. Baraza limejaa, majitu huku, Watu wa Maji kule, Villads na shairi lake pembeni. Nikapiga goti mbele ya Ilvane. Wigi likaanza kuniwasha vibaya sana. Nikasema moyoni, sasa mwaga yote, Egon, jitu ndilo linalosema, wewe humo. Nikanong'ona kwamba tangu kiangazi kile alipomfunga mbwa wa mpishi bandeji huku amevaa taji, sijapata utulivu. Kwamba hata baiskeli zikiletwa dukani na matope ya Viborg, nafurahi. Kwamba nampenda.

Hakuna aliyeimba. Villads akakunja shairi lake. Nikashangaa, mbona wote wananitazama vile?

Bodil akaniuliza, meno yameumana, mkono wangu uko wapi.

Nikautafuta. Ulikuwa kichwani. Nilikuwa najikuna tangu neno la kwanza!

Nilitamani Watu wa Maji wanizike tena, safari hii kwa udongo. Nilimtazama Signe kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Akainua mkono wake polepole, akauweka juu ya taji. Akasema ndoa hapana, hajawahi kunisikia nikisema sentensi tatu bila mvua ndani yake. Ila kahawa ndiyo. Ijumaa, Viborg. Na meno niyaache nyumbani. Akasema pia kwamba kijiko kile alikuwa anakitaka kweli.

Ah! Nilikaa chini kwenye nyasi. Mzigo wa viangazi vyote hivyo ulinitoka, nikacheka peke yangu.

Kisha Signe akashusha mkono, akawa Ilvane. Nikampa kengele. Akairudisha. Nikampa. Akairudisha. Bodil akanifinya. Nikampa ya tatu! Akaipokea, akafungua kitambaa, akaitazama, akaipiga.

Kriing!

Watu wa Maji wote wakampa mgongo malkia wao na kuanza kumwimbia. Marehemu wawili, tukavuka kijito kwenda kula soseji kwa majitu.

Jumapili, 14 Julai

Miaka thelathini. Wamenifunga kwenye mti wa mwaloni, wakanivalisha miwani ya kuogelea, wakanimwagia pilipili. Mfuko kaleta Villads. Konzi ya kwanza karusha Signe, na ana shabaha. Bado napiga chafya. Nina furaha mno.

Sasa Ijumaa. Nimeshaandaa mpango. Nitakwenda, bila meno kama alivyosema, lakini si kama Egon. Nimebuni mtu anaitwa Aksel: mtulivu, amezunguka dunia, anajua kahawa, haogopi kitu. Villads nimemwomba akae meza ya jirani anikumbushe maneno. Kanuni safari hii nazijua zote, nimezitunga mwenyewe. Signe akimkataa, atakayekataliwa ni Aksel.

Mimi simo!