Mnada wa Gego

Jumatatu, 4 Machi

Gego limeanza tena. La juu, kushoto. Chai ya moto, likanipiga. Maji baridi, likanipiga zaidi. Mimi, mwanafunzi wa udaktari wa meno mwaka wa tatu, natafunia upande mmoja kama babu! Aibu tupu.

Nilimwomba mwenzangu wa chumbani anichungulie. Tunamwita Mtakatifu kwa sababu hajawahi kukosa kipindi, na kitanda chake anakitandika hata siku za mapumziko. Alimulika kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa polepole kama daktari bingwa. Akasema tundu limefika kwenye mshipa, lazima mizizi itibiwe. Hilo nilikuwa nalijua. Nilichotaka ni kuonewa huruma.

Nikavuka barabara kwenda kliniki ya watu wenye pesa. Kwa bei waliyonitajia ningekula muhula mzima. Nikauliza kama wana punguzo kwa madaktari wenzao. Dada wa mapokezi akaniuliza daktari mwenyewe yuko wapi.

Ikabaki kliniki ya chuo. Pale wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutibu watu, Profesa akiwasimamia, na mgonjwa hulipia kadi tu. Ila foleni yake! Njia ya mkato ni moja: mwanafunzi akikuchagua mwenyewe, huna haja ya foleni. Na kila mmoja wao lazima atibu mizizi ya gego moja kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Magego hayapatikani. Wagonjwa wakisikia habari za mizizi wanasema ng'oa tu, daktari, niende zangu.

Jioni nikamkuta Dada Kioo mkahawani, mwaka wa mwisho, hatembei bila kioo cha kukagulia meno mfukoni. Alikuwa akipita meza kwa meza kuuliza nani ana gego bovu. Wagonjwa wawili wamemponyoka. Mmoja alidai kung'olewa. Mwingine aliona sindano, akaaga anakwenda msalani, na mpaka leo hajatoka. Nikafungua mdomo. Machozi yakamlenga! Akasema niende kesho asubuhi, na kadi atanilipia yeye. Bure kabisa!

Nilikuwa nakaribia kukubali. Ndipo nikamwona Bwana Tai kwenye kona, yule anayevaa tai hata bwenini. Mwaka wa mwisho pia. Hana gego pia. Na alikuwa ametega sikio.

Nikamwambia Dada Kioo nitafikiria.

Jumanne, 5 Machi

Wahenga walisema chema chajiuza. Sikuwa nimepiga hata mswaki, Bwana Tai akagonga mlango. Akasema akinitibu yeye atanipa madaftari yake yote ya mwaka wa tatu. Nikamwambia madaftari ninayo. (Sina.) Akaongeza kuku mzima wa kukaanga, Alhamisi mchana. Nikakohoa kidogo ili asione mate yakinitoka.

Nikamfuata Dada Kioo mkahawani kumwarifu, kwa upole, kwamba kuna mteja mwingine. Akauliza nauza jino au ng'ombe. Nikatazama saa kibiashara. Mwisho akasema atanipigia pasi makoti yangu meupe mpaka muhula uishe. Alisema hivyo akiangalia chini, na kwa kweli nilimwonea huruma. Lakini huruma haipungui ikisubiri siku mbili tatu. Nikasema nitafikiria.

Mtakatifu akanionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia ana wivu kwa vile meno yake yote ni mazima na hayana soko.

Mama kapiga simu. Anataka picha yangu nimevaa koti la udaktari, nikicheka mpaka magego yaonekane, aitundike sebuleni. Jirani yake ana mtoto mhandisi na amezidi kuringa. Mama akauliza mbona naongea kama nina kitu mdomoni. Nikasema nakula. Akafurahi kusikia nakula vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Sikulala. Gego linadunda kama lina moyo wake.

Lakini mpango uko palepale. Dada Kioo nimempa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Bwana Tai nimempa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Wakutane mlangoni, wapandishane bei mbele yangu! Akili kama hizi hazifundishwi darasani.

Tatizo ni kuifikisha bidhaa Ijumaa ikiwa hai. Mchana nikajifungia maabara, mahali tunapofanyia mazoezi kwenye meno ya plastiki. Nikakoroga saruji ya mazoezi. Nikaliziba tundu mwenyewe kwa kutazama kwenye kijiko. Kazi safi sana! Hakuna hewa, hakuna chai, hakuna kitu kinachoingia.

Mganga hajigangi, walisema. Wahenga hawakuwa na maabara.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna kinachoingia. Wala kinachotoka.

Shavu limevimba. Nikijitazama kwa kulia ni mimi, nikijitazama kwa kushoto ni mjomba. Mtakatifu aliponiona akakumbusha swali la mtihani wa muhula uliopita: kwa nini haifai kuziba jino lenye usaha ndani? Nakumbuka jibu langu, nilipata alama zote. Usaha ukikosa njia, hujaa na kuvimba. Nililiandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Akaniomba niende kliniki saa ileile. Nikamwambia leo ni siku ya kuku.

Kuku alikuwa mtamu, nisimsingizie. Nilikula kwa upande wa kulia, kwa adabu, kidogokidogo. Bwana Tai akaanza kusimulia jinsi tai yake ilivyowahi kutumbukia kwenye kikombe cha Profesa. Nikacheka. Kipande cha mfupa kikateleza kikaenda kushoto, na mimi tayari nilikuwa nafunga mdomo.

Kah!

Watu wa meza ya pili walisikia mlio, wakageuka. Bwana Tai akauliza ni nini kile. Nikasema mfupa. Akasema mbona nalia. Nikasema kwa shukrani.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Naandika nikiwa nimeng'ata pamba.

Saa mbili, mlangoni: Bwana Tai peke yake. Dada Kioo alikuwa ndani tayari, ameinama juu ya mgonjwa wake. Nani? Mpishi wa mkahawa! Wiki nzima alikuwa akitusikia tukibishana huku akichota wali, na gego lake bovu kinywani. Jana akamwendea Dada Kioo akamwambia kama linafaa basi alichukue. Hakuomba pasi wala nini. Watu wengine hawajui biashara.

Basi nikajikabidhi kwa Bwana Tai, tukapiga picha ya jino. Profesa akaitazama kwenye mwanga. Akanitazama mimi. Gego limepasuka mpaka kwenye mizizi, akasema, hapa hakuna cha kutibu, ni kung'oa. Akauliza nani aliliziba. Nikasema sikumbuki vizuri. Akaita kliniki nzima waje waone, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu kavunjika gego. Walicheka wote! Mpaka mpishi wa mkahawa, na kinywa chake kiko wazi.

Bwana Tai alidai kuku wake. Nikamwambia kipande kimoja bado kiko ndani ya ufa, akitaka achukue. Profesa akampa Bwana Tai mgonjwa mwingine, mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa amepanga foleni tangu mwezi uliopita. Gego zuri, halina ufa.

Wahenga walisema pia kibaya chajitembeza. Nilizunguka kiti hadi kiti nimeshika shavu. Wakubwa wote walishamaliza hesabu zao za kung'oa, hakuna aliyenitaka hata kwa bure. Wanaoanza kung'oa ni sisi mwaka wa tatu. Profesa akanyoosha kidole nyuma kabisa ya umati, kwa kijana aliyefunga vifungo vyote vya koti.

Mtakatifu! Jino lake la kwanza maishani!

Ganzi alichoma vizuri, namshukuru. Kisha akashika koleo, akafumba macho. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anasali. Nikasema na mimi niombee. Lilitoka vipande vitatu, na kila kipande alikiomba radhi. Profesa akampa alama zote.

Jumamosi, 9 Machi

Shavu limepungua. Pengo ni kubwa, ulimi haubanduki hapo. Nimelia kidogo, peke yangu, maana lilikuwa jino langu na lingeweza kupona Jumanne. Mama nimemtumia picha. Nimefunga mdomo. Amejibu kwamba naonekana mtu mzito, kama daktari kweli, na jirani amenyamaza.

Jioni Dada Kioo alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Ameruhusiwa kufanya mtihani. Nilitegemea anicheke, akaniuliza tu kama maumivu yamepungua. Nikaona haya. Kisha akatoa kioo chake, akakagua yaliyobaki. Chini kulia kuna tundu, dogo sana, bado jipya. Akasema niende Jumatatu asubuhi, ataliziba kabla hajaanza kusoma, ni kazi ya dakika chache. Bure.

Tundu dogo! Mtu mzima atapata nini kwa tundu dogo? Lakini likiachwa litakua, na muhula ujao darasa zima linapanda mwaka wa nne, na nasikia huko kila mmoja lazima aonyeshe tundu kubwa aliloziba. Yakikosekana, yatagombewa. Hata Mtakatifu atalihitaji, na Mtakatifu ana pasi yake mwenyewe.

Nimemwambia nitafikiria.