Matundu ya Chini

Idara ya Breki za Mitutu, makao makuu Gitega, ina furaha kuutangazia umma kwamba vumbi la Muyinga lilichunguzwa kitaalamu na kuonekana halipo. Nilisaini matokeo hayo mimi Egidius, Mkurugenzi, mbunifu wa breki yenyewe: kile kichuma cha matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili gesi itoke kandokando na teke la bunduki begani lipungue. Wengine huacha upande wa chini bila matundu. Mimi nilitoboa pande zote, maana idara yangu haibagui.

Breki ilikusudiwa kwa walengaji wa shabaha wanaolala kifudifudi. Tuliijaribu Gitega tukiwa wima, juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu mkubwa halali chini mbele ya watumishi wake. Matokeo yalikuwa mazuri mno.

Ndipo walengaji wa Muyinga, wanaolala juu ya udongo mkavu wa uwanja wa Buhinyuza, wakaanza maneno. «Chef, mi siwezi ona shabaha,» alilalamika Elias. «Vumbi yote iko inarudi kwa macho.» Adventina, bingwa wetu aliyekulia Tanzania, aliandika barua akidai kwamba gesi ya matundu ya chini ndiyo inayotimua udongo, hivyo risasi ya pili hupigwa kwa kubahatisha. Mtu wa darasa la saba ananifundisha mimi gesi! Nilimjibu kwa waraka: macho yake ni mabovu, ataondoka kazini mwisho wa mwezi. Nilijua ana watoto wanne wanaokula kwa kazi hiyo. Nikaongeza muhuri wa pili.

Mkaguzi Mkuu, Mama Emerensiana, aliisoma barua ile, akataka kujionea. Tulipofika Buhinyuza nilimkataza Adventina kugusa bunduki, nikavua koti, nikalala mwenyewe. Nilipiga tano. Baada ya ile ya kwanza sikuona shabaha, wala bunduki, wala Buhinyuza. Karatasi ya shabaha ililetwa nzima, haina hata mkwaruzo.

«Donc, Mkurugenzi,» akauliza Mkaguzi taratibu, «shida iko kwa breki ama kwa macho?»

Adventina angeweza kunicheka. Badala yake alinitetea.

«Macho yake ni mazima, Mama. Yazibwe tu hayo matundu ya chini.»

Nitetewe na mtu niliyemfukuza? Hasira ilinipanda kuliko vumbi. Nilifuta udongo kwenye kope, nikatamka kiofisi: «Ni macho. Breki yangu haina kasoro.»

«Sawa,» akasema Mkaguzi. «Basi asiyeona hawezi kusaini michoro.»

Sasa Adventina anakalia kiti changu Gitega, na matundu ya chini yamezibwa. Mimi nimepangiwa Buhinyuza, kwenye kazi isiyodai macho. Kila asubuhi, kabla walengaji hawajalala, namwagia uwanja maji kwa ndoo. Jana Elias aliniambia kwamba upande wake bado umekauka, nirudie. Nilitaka kumwagiza alete ombi hilo kwa maandishi. Nikachukua ndoo.